Nimeitwa kwenye usaili Kigoma: niwajibu nini, na kwa maneno gani?

Swali: Shikamoo mama. Mimi ni binti wa miaka 24, naishi Kasulu, nina stashahada ya uhasibu. Jana Jumatano nimepokea barua pepe kutoka shirika moja la Kigoma mjini ambako niliomba kazi mwezi Mei, nafasi ya Mhasibu Msaidizi. Wameniita kwenye usaili "Jumanne 14/07/2026, saa 9:00", niende na vyeti halisi, nakala zake na kitambulisho, na wanataka nithibitishe kabla ya Ijumaa jioni. Sijawahi kuitwa popote. Kaka yangu anasema nikiandika "Sawa, nimeipata, asante" inatosha. Kijana wa steshenari anasema lazima nianze na "Mheshimiwa", na ana barua yake tayari, ni kubadilisha jina tu. Mimi naogopa, kwa sababu saa yenyewe sijaielewa vizuri, na kadi ya NIDA sina, nina namba tu na kitambulisho cha mpiga kura. Nikiuliza, hawataniona msumbufu?

Jibu: Marahaba, mwanangu, na hongera. Kuitwa kwenye usaili kwa mara ya kwanza ni jambo la kufurahia, na hofu uliyonayo ni ya mtu anayeijali kazi hata kabla hajaipata. Nitakujibu kwa kirefu, kwa sababu swali hili naulizwa mara kwa mara na vijana wa huku Tabora na wa huko kwenu Kigoma, na kwa sababu nimekaa miaka mingi upande wa wanaoita. Nilisomea uhazili hapa Tabora, katika chuo ambacho leo ni kampasi ya Chuo cha Utumishi wa Umma Tanzania, kisha nikafanya kazi katika ofisi za utumishi hadi nilipostaafu. Majibu ya waombaji yalikuwa yakipitia mikononi mwangu. Mimi ndiye niliyeyapanga katika jalada na kuyapeleka mbele ya jopo la usaili.

Jambo ninalotaka ulishike kabla ya mengine ni hili: adabu ya barua ya namna hii haipimwi kwa wingi wa maneno ya heshima, hupimwa kwa kadiri inavyompunguzia kazi yule anayeipokea. Afisa aliyekuandikia amewaandikia na wenzako. Ana orodha mezani, na mbele ya kila jina anataka kuandika kama mtu huyo anakuja, haji, au ana jambo la kuuliza. Jibu linalomwezesha kuandika hivyo bila kulazimika kukupigia simu ni jibu la heshima. Jibu lililojaa shukrani lakini lisilosema wewe ni nani, unakuja kwa nafasi ipi na siku gani, ni mzigo kwake hata likianza na "Mheshimiwa".

Kwa kipimo hicho, ushauri wa kaka yako haufai, ingawa ameutoa kwa nia njema. "Sawa, nimeipata" inasema kwamba barua imefika, lakini haisemi kwamba utakwenda. Isitoshe, huenda shirika hilo linawaita watu kwa nafasi tatu au nne katika wiki moja, na afisa akiona "sawa" iliyotoka kwenye anwani asiyoikumbuka, itambidi arudi nyuma kutafuta ni nani huyu na aliomba nini.

Hii hapa ni barua ambayo ningeiandika kama ningekuwa wewe.

Somo: Kuthibitisha kuhudhuria usaili wa nafasi ya Mhasibu Msaidizi, 14 Julai 2026

Ndugu Afisa Rasilimali Watu,

Tafadhali rejea barua pepe yenu ya tarehe 8 Julai 2026 inayoniita kwenye usaili wa nafasi ya Mhasibu Msaidizi.

Nashukuru kwa kuitwa. Ninathibitisha kwamba nitahudhuria usaili huo siku ya Jumanne, tarehe 14 Julai 2026, katika ofisi yenu ya Kigoma mjini. Muda uliotajwa ni saa 9:00, nami nimeuelewa kuwa ni saa 3:00 asubuhi. Ikiwa mlikusudia saa 9:00 alasiri, naomba mnifahamishe.

Nitakuja na vyeti vyangu halisi pamoja na nakala zake kama mlivyoelekeza. Kuhusu kitambulisho, ninayo namba ya NIDA lakini kadi yenyewe sijaipata bado. Naomba kufahamu kama kitambulisho changu cha mpiga kura, pamoja na namba hiyo, vitakubalika.

Ninapatikana kwa simu namba (andika namba yako) na kwa anwani hii ya barua pepe.

Wenu,
(Majina yako matatu kama yalivyo kwenye cheti cha kidato cha nne)

Ni hiyo tu. Haijazi hata nusu ukurasa, na wala usitafute cha kuongeza. Ifungue barua yao, bonyeza kitufe cha kujibu, uandike humo humo, ili barua yao na jibu lako vikae pamoja. Ukifanya hivyo somo lao litabaki juu, nalo linatosha. Hilo nililoandika mimi ni la kutumia endapo itakubidi uanzishe barua mpya.

Utaona kwamba nimeanza na "Tafadhali rejea", sikuanza na "Husika na kichwa cha habari hapo juu". Sentensi hiyo ya pili imezoeleka sana katika barua zetu, lakini ukiitazama vizuri haimwambii mpokeaji chochote, kwa sababu kichwa cha habari ameshakisoma. Neno "rejea" humrudisha kwenye barua yake mwenyewe, kwa tarehe yake, na kwa mtu mwenye majalada arobaini mezani hilo ni msaada wa kweli. Kama barua yao ingekuwa na kumbukumbu namba, ile inayoandikwa "Kumb. Na." upande wa juu, ungeitaja hapo hapo, kwani ofisini jalada hutafutwa kwa namba kabla ya kutafutwa kwa jina.

Sasa nije kwenye saa, maana hapo ndipo penye hatari kubwa kuliko kwingine kote, na nimefurahi kwamba umeshtuka. Sisi tunahesabu saa kuanzia asubuhi jua linapochomoza na jioni linapozama. Anayehesabu saa za Kizungu huanzia usiku wa manane, na baina ya hesabu hizo mbili kuna tofauti ya saa sita kamili. Simu yako inaonyesha hesabu moja na kinywa chako kinatamka nyingine, na hatupati taabu kwa sababu tunabadilisha kichwani bila hata kujua kwamba tunabadilisha. Taabu huanza pale saa inapoandikwa kwa tarakimu bila neno "asubuhi" wala "alasiri". Hiyo "saa 9:00" ya kwako inaweza kuwa saa tatu asubuhi, kama aliyeandika aliinakili kutoka kwenye kalenda ya kompyuta yake. Na inaweza kuwa saa tisa alasiri, kama aliandika vile anavyosema.

Katika ofisi moja niliyowahi kufanyia kazi, tuliandika hivyo hivyo. Kijana mmoja alitoka Urambo siku moja kabla, akalala nyumba ya wageni karibu na stesheni ya reli hapa Tabora, akaamka mapema, akapiga pasi shati lake, akaenda kukaa kwenye kibanda cha chai kusubiri saa tisa. Jopo lilikuwa limeanza kazi saa tatu asubuhi. Alipobisha mlango wangu ilikuwa saa nane na dakika arobaini mchana. Kwa hesabu yake alikuwa amewahi kwa dakika ishirini. Vyeti vyake vilikuwa ndani ya bahasha ya kaki aliyoishika kwa mikono miwili, na mimi nilikuwa nafunga jalada kwa kamba kwa sababu wajumbe walikwisha kutawanyika. Kosa lilikuwa letu, na nililikiri mbele yake, lakini nafasi ile hatukuweza kumrudishia. Baadaye nilifungua jalada nikalitazama jibu lake la kuthibitisha. Lilikuwa limeandikwa: "Nimepokea, nitafika bila kukosa." Kama angeandika saa aliyoielewa yeye, tungeliona kosa letu siku tatu kabla, na tungelisahihisha kwa waombaji wote. Tangu siku ile sijaandika saa kwa tarakimu bila kuweka neno la asubuhi, mchana, alasiri au jioni mbele yake, na ninawaomba vijana wote wafanye hivyo.

Kwa hiyo hofu yako ya kuonekana msumbufu iweke kando. Anayeuliza mapema anaisaidia ofisi. Kinachosumbua ni swali lililoulizwa kwa namna ya kumrudishia mwenzako kazi yote, kwa mfano "Sijaelewa saa, ni ya Kiswahili au ya Kizungu?" Katika barua niliyokuandikia sikuuliza hivyo. Nimesema nilivyoelewa, kisha nikaacha nafasi ya kusahihishwa. Afisa akiona umeelewa sawa, hana hata haja ya kujibu. Na wasipojibu kabisa, wewe nenda asubuhi: aliyefika saa mbili na nusu asubuhi hawezi kuukosa usaili wa saa tisa alasiri, ila aliyefika alasiri anaweza kuukosa wa asubuhi.

Siku na tarehe nazo zitazame pamoja. Nimeangalia kalenda, na tarehe 14 Julai mwaka huu ni Jumanne kweli, kwa hiyo hapo hakuna tatizo. Siku ambayo utaandikiwa "Jumatano tarehe 14" na tarehe 14 ni Jumanne, usichague mwenyewe ipi ni sahihi. Uliza kwa namna ile ile.

Kuhusu kadi ya NIDA, si wewe peke yako. Wako wengi wenye namba yenye tarakimu 20 ambao kadi haijawafikia mkononi, na maafisa wanalijua hilo. Ofisi nyingi hukubali kitambulisho cha mpiga kura, leseni ya udereva au hati ya kusafiria, lakini kila ofisi ina utaratibu wake, na ni bora ujibiwe Ijumaa ukiwa nyumbani kuliko kuambiwa Jumanne ukiwa mlangoni. Nisingekushauri utume picha ya kitambulisho wala vyeti pamoja na jibu lako, kwa kuwa hawajaviomba kwa barua pepe. Wamesema uende navyo.

Kuna jambo la majina ambalo hukuliuliza lakini linawaponza watu wengi. Jibu kwa majina yale yale uliyotumia katika barua ya maombi, na yawe yale yaliyomo kwenye vyeti vyako. Ikiwa cheti cha kuzaliwa kinasema hivi na cha kidato cha nne kinasema vile, hata kama tofauti ni herufi moja, nenda kwa wakili au mahakamani ukapate hati ya kiapo mapema, uichukue siku ya usaili. Huna haja ya kulieleza hilo katika barua ya kuthibitisha isipokuwa wamekuuliza.

Sasa kuhusu "Mheshimiwa". Neno hilo tumelizoea kwa wabunge, madiwani, mahakimu na viongozi wa kisiasa. Afisa wa rasilimali watu hahitaji kuitwa hivyo, na wengine huona kama wanapakwa mafuta. "Ndugu" ni neno la heshima kamili katika barua zetu za kiofisi, linamfaa mwanamume na mwanamke, na linakuepusha kubahatisha kama aliyeandika ni bwana au bibi. Ikiwa amesaini kwa jina lake, andika "Ndugu" kisha jina hilo kwa herufi zile zile alizotumia mwenyewe. Shikamoo iache kwa ajili ya siku ya kuonana: ukiingia ukawakuta watu wazima, waamkie kama ulivyolelewa, na hakuna jopo la Kigoma wala la Tabora litakalokushangaa. Katika barua unaiandikia ofisi, na ndiyo sababu nimetumia "yenu" na "mlivyoelekeza" badala ya "yako" na "ulivyoelekeza".

Chagua pia kati ya "naomba" na "nahitaji". Vijana wengi siku hizi huandika "nahitaji kujua" wakidhani ni lugha ya kiofisi, lakini kwa masikio ya mtu aliyezoea Kiswahili cha adabu maneno hayo yanasikika kama madai. "Naomba kufahamu" inauliza jambo lile lile bila kumbana mtu. Mwishoni, "Wako katika ujenzi wa Taifa" ni kimalizio cha barua za serikali, nacho kina historia yake nzuri. Kwa shirika binafsi "Wenu" au "Wako mtiifu" inatosha.

Jambo moja linaniuma, na nitalisema bila kuzungusha. Nimesoma majibu mengi ambayo mwombaji anathibitisha kuja, kisha anaongeza kwamba wazazi wake wamefariki, anasomesha wadogo zake, hana mwingine wa kumtegemea, naomba mnifikirie. Ninaamini kwamba mengi ya maneno hayo yalikuwa kweli, na yalinigusa. Lakini jopo haliwezi kumpa mtu alama kwa ajili ya shida zake. Linaangalia kama anaweza kusawazisha vitabu vya hesabu, kuandika vocha za malipo na kutunza risiti. Maneno ya shida yanaweza pia kumfungulia njia mtu mwenye nia mbaya, na kwa kuwa wewe ni binti, sitakuficha. Ikiwa mtu yeyote, kwa jina la ofisi hiyo, atakujibu kwamba mkutane kwanza hotelini au usiku ili "akusaidie" kabla ya usaili, usimjibu kwa maneno matamu wala usinyamaze. Kudai ngono ili kumpa mtu ajira ni kosa la jinai chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Uhifadhi ujumbe wake kama ulivyo, umweleze mtu mzima unayemwamini, na utoe taarifa TAKUKURU, ambao wanapatikana kwa simu ya bure namba 113.

Sasa kijana wa steshenari. Sina ugomvi na watu wa steshenari, wamewasaidia wengi wasio na kompyuta wala bando. Lakini alasiri moja nilipokea majibu matatu ya usaili yenye sentensi zile zile, makosa ya herufi yale yale, na yote matatu yakitoka kwenye anwani moja ya barua pepe, ambayo ilikuwa ya duka. La tatu lilikuwa na jina la mwombaji wa pili katika aya ya kwanza, na jina lake mwenyewe likiwa chini. Nilimpigia simu nikamuuliza yeye ni yupi kati ya hao wawili. Alikuwa mtu mwerevu, na aliona haya sana, kwa sababu hakuwa ameisoma barua aliyoilipia. Nenda steshenari ikiwa huna njia nyingine, lakini ingia kwa anwani yako mwenyewe, uandike maneno yako mwenyewe, uyasome kwa sauti ya chini kabla ya kutuma, na ukimaliza utoke kwenye akaunti yako ili atakayekaa kwenye kiti hicho baada yako asiisome. Kwa barua fupi kama hii simu yako inatosha kabisa.

Lugha ya kujibu ni ile waliyokuandikia. Wamekuandikia Kiswahili, wajibu Kiswahili, na usiogope kwamba utaonekana hujasoma. Wangekuandikia Kiingereza, ungejibu Kiingereza kwa sentensi nne au tano nyepesi zenye mambo haya haya. Kinachopunguza heshima ni kuchanganya lugha mbili katika aya moja kwa kudhani kwamba maneno machache ya Kiingereza yanaipandisha barua daraja.

Wewe unaweza kwenda siku waliyopanga, lakini wasomaji wengine wataniuliza juu ya yule asiyeweza, nami nitagusia kwa ufupi. Andika mapema, siku ile ile ikiwezekana. Taja sababu kwa sentensi moja. Na uombe siku nyingine ukitaja siku mbili unazoweza, ili usimrudishie afisa kazi ya kubahatisha. Sababu ziwe za kweli na zenye uzito: msiba wa karibu, ugonjwa, au mtihani, kama ule wa Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu ambao wenzako wa uhasibu huufanya Mei na Novemba. Harusi ya binamu haimo. Kwa watu wa vijiji vya kando ya Ziwa Tanganyika, na wa stesheni za njiani kama Nguruka ambako treni ya abiria haipiti kila siku, usafiri ni sababu halali pia, mradi uieleze kwa ukamilifu: "Treni itakayoniwezesha kufika itaingia Kigoma Jumatano, naomba, ikiwezekana, nisailiwe Jumatano au Alhamisi." Kisha uwe tayari kuambiwa kwamba haiwezekani, na ushukuru hata kwa jibu hilo. Na aliyekwisha kupata kazi kwingine naye aandike kwamba hatakuja, kwa sababu nafasi yake kwenye orodha inaweza kupewa mwingine aliyebaki nje.

Mwenye ulemavu anayehitaji mkalimani wa lugha ya alama, chumba cha chini kisicho na ngazi au karatasi zenye maandishi makubwa, alitaje hilo katika jibu lake bila woga, mara moja na kwa maneno ya wazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi dhidi ya mfanyakazi, na inamhesabu hata mwombaji wa kazi. Ulemavu na ujauzito vimo katika orodha ya mambo ambayo mtu hapaswi kubaguliwa kwayo.

Kwa kazi za serikali utaratibu ni mwingine. Wanaoitwa kwenye usaili hutangazwa kwa majina katika tovuti ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, pamoja na masharti yake: vyeti halisi, kitambulisho, na kila msailiwa kujigharimia nauli, chakula na malazi. Huko huandiki barua ya kuthibitisha. Unachotakiwa ni kusoma masharti yote na kuyafuata kama yalivyo.

Kabla hujatuma jibu lako, hakikisha kwamba barua yenyewe ni ya kweli. Mkoa wenu umezoea mashirika ya misaada tangu kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu ilipofunguliwa huko huko Kasulu mwaka 1996, na matapeli wanajua kwamba kijana wa Kigoma akiona jina la shirika kubwa moyo humwenda mbio. Tazama anwani iliyotuma, ulinganishe na ile iliyokuwa kwenye tangazo uliloliomba mwezi Mei. Ukidaiwa ada ya fomu, ya mafunzo au ya gari la kukufuata, ujue ni ndugu wa wale wa "ile pesa tuma kwenye namba hii". Mashirika ya Umoja wa Mataifa, UNHCR likiwamo, yanatangaza wazi kwamba hayamtozi mwombaji ada katika hatua yoyote ya ajira, na mwajiri mwingine yeyote wa kweli hafanyi hivyo. Barua yako, kwa ulivyoieleza, haina dalili hizo: uliomba mwenyewe, na hawajakudai kitu.

Endapo afisa atakupigia simu badala ya kuandika, pokea mahali penye utulivu, rudia alichokuambia, kisha mtumie ujumbe mfupi wenye siku, saa na mahali mlipokubaliana. Ukipishana na simu yake, mpigie mwenyewe saa za kazi. Usimbipu, na usimtumie ujumbe wa sauti.

Leo ni Alhamisi. Wamekupa hadi kesho jioni, lakini mtandao unaweza kukatika na umeme ukazimika, kwa hiyo andika sasa na utume kabla ofisi hazijafungwa. Ukishatuma, fungua sehemu ya barua zilizotumwa uone kama imetoka kweli, na uitazame barua pepe yako asubuhi na jioni hadi Jumatatu, pamoja na lile kasha la barua taka, kwani majibu ya ofisi hupotelea humo. Ikifika Jumatatu saa nne asubuhi hawajakujibu juu ya saa na kitambulisho, wapigie. Jitambulishe kwa jina na nafasi, useme uliandika Alhamisi. Halafu panda gari la Kigoma siku hiyo hiyo ukalale kwa ndugu, na kabla jua halijazama uende ukaitafute hiyo ofisi, uuone mlango wake, ili Jumanne asubuhi usiwe mtu wa kuuliza njia.